Naomba ushauri: Kugeuza Hiace iliyotumika kuwa gari la familia na la kulala safarini

Mkazi wa Kimara (mleta uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Mimi na mke wangu tunaishi Kimara na tuna watoto watatu. Mkubwa yuko darasa la tano na mdogo bado yuko chekechea. Nimepata Toyota Hiace ya dizeli, bodi ndefu ya upana wa kawaida, iliyokuwa ikisambaza bidhaa za duka la jumla hapa mjini. Ni namba D, injini inawaka bila usumbufu, na mwenyewe yuko tayari kupunguza bei. Nia yetu ni kwamba siku za kazi gari hili liwapitishe watoto shuleni na kutufikisha mjini, na mwisho wa wiki litupeleke Kimbiji au Bagamoyo tukalale humo humo, badala ya kulipia vyumba viwili kila tunapotoka. Likizo ndefu tungependa kufika Mikumi na Lushoto.

Fundi samani mmoja wa Keko ameliona gari na kupendekeza achomelee fremu ya chuma nyuma, ajenge kitanda cha kudumu kinachokaa kwa upana wa gari, aweke makabati ya mninga pande zote mbili pamoja na sinki, na watoto wakalie benchi lenye mto mbele ya kitanda hicho. Mchoro wake unavutia. Hata hivyo, kabla sijatoa malipo ya awali, naomba wenye uzoefu mniambie kama mpango huu unafaa, umeme uwekwe vipi, na kama kadi ya gari inapaswa kubadilishwa.

Fundi Bodi wa Tabata

Mkuu, shikilia kwanza fedha zako. Fundi huyo anaweza kuwa hodari sana wa vitanda vya nyumbani, lakini alichokuchorea ni chumba, na wewe unataka gari.

Anza na upana. Hiace ya bodi ya kawaida, ile iliyoanza kutoka mwaka 2004, ina upana wa nje wa milimita 1,695, na ndani unabaki na kama mita moja na nusu tu kabla hujabandika chochote kwenye kuta. Mtu mzima hawezi kunyoosha miguu akilala kwa upana huo. Mwanao wa darasa la tano ataweza mwaka huu na pengine mwaka kesho, basi. Wewe na mkeo mtalala kwa urefu wa gari, na hapo hamna shida, kwa kuwa nafasi ya mizigo katika bodi ndefu inakaribia mita tatu.

La pili, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, ni benchi. Benchi la mbao lenye mto si siti. Gari likifunga breki ghafla pale Ubungo, mtoto aliyekaa juu yake hana kinachomzuia, na kitanda chote kilicho nyuma yake kinakuja naye. Tafuta siti halisi zenye mikanda ya pointi tatu (inayopita begani na kiunoni), zilizotolewa kwenye Hiace ya abiria au gari jingine la familia, na zifungwe kwa bolti zinazopita kwenye sakafu na kukamata vyuma vya chini ya gari, kukiwa na bamba pana la chuma upande wa chini ili bolti isichane bati na kuchomoka. Usikubali siti ichomelewe moja kwa moja kwenye bati la sakafu, kama ilivyofanyika kwenye vipanya vingi vilivyokuwa magari ya mizigo kabla ya kuingia barabarani kama daladala. Mkanda nao ufungwe kwenye sehemu imara ya bodi, kamwe usifungwe kwenye kabati.

Siti zikishakaa mahali pake ndipo uangalie nafasi iliyobaki na kuamua ni kitanda gani kinaingia. Ninachopendekeza ni kitanda cha vipande: masanduku mawili ya chini yanayofungwa kwa bolti nne kila moja, na mbao tatu zinazolala juu yake na kuziba pengo hadi kwenye migongo ya siti iliyolazwa mbele. Jumapili jioni unatoa vyote na kuviweka stoo, Jumatatu gari linabeba watoto, na siku ukihitaji kupeleka magunia ya mchele kwenye msiba, nafasi ipo.

Mninga uache kwa ajili ya kabati la sebuleni. Ni mbao nzuri lakini ni nzito mno kwa kazi hii. Tumia plaiwudi ya milimita 12 na vipande vya paini, zile mbao zinazoshuka kutoka Mafinga, kisha paka vanishi pande zote pamoja na kwenye kingo. Zile mbao za unga ulioshindiliwa usiziruhusu kabisa, kwa sababu unyevu wa Dar utazivimbisha na skrubu zitaachia ndani ya masika moja.

Kabla ya yote hayo, lipandishe gari juu na ukague uvungu. Gari la kusambaza bidhaa hushinda limepakiwa hadi juu, kwa hiyo angalia springi za nyuma, angalia kutu kwenye chesisi na chini ya milango, na hakikisha namba ya chesisi inasomeka na inalingana na kadi.

Noah Haichoshi

Kwa nini ununue Hiace? Toyota Noah ya siti zinazolala inatosha watu wawili wazima na mtoto, na wengine wawili wanalala kwenye hema dogo pembeni. Foleni ya Morogoro Road ukiwa na Hiace kila asubuhi utaichoka.

Mkazi wa Kimara (mleta uzi)

Nashukuru, kaka. Hema tumelifikiria, lakini mke wangu hakubali watoto walale nje ya gari, na katika hilo siwezi kumpinga. Rafiki yangu mwingine ananishawishi nitafute Mazda Bongo Friendee, yenye paa linalonyanyuka na kuwa chumba cha juu. Je, kuna mwenye uzoefu nayo?

Fundi Bodi wa Tabata

Bongo ile ilibuniwa hasa kwa kazi unayoitaka, na paa lake ni raha tupu. Lakini uzalishaji wake uliishia mwaka 2005, inajulikana kwa kuchemsha ikiwa mfumo wa maji umepuuzwa, na ukikwama nayo Chalinze usitarajie kupata kifaa chake haraka. Vifaa vya Hiace utavipata hata Korogwe. Chagua mwenyewe.

Umeme wa Jua

Kuhusu umeme, ushauri wangu ni uanze na mahitaji na uache tamaa pembeni. Taa za LED, feni mbili za volti 12 na kuchaji simu ni mzigo mdogo sana. Kinachokula umeme ni friji. Friji ndogo ya kompresa ya lita 40 hutumia takriban wati 45 hadi 60 inapofanya kazi, na kwa joto letu hesabu kwamba itafanya kazi karibu nusu ya siku nzima, yaani zaidi ya wati-saa 500 kwa siku. Betri ya 100Ah ya volti 12 ina wati-saa 1,200, lakini ikiwa ni ya madini ya risasi hupaswi kutumia zaidi ya nusu yake kama unataka idumu. Kwa hiyo betri moja ya namna hiyo inakulalisha usiku mmoja, na siku ya pili lazima ichajiwe. Paneli ya wati 200 juu ya paa hufanya kazi hiyo vizuri siku ya jua. Siku za masika utategemea oltaneta, yaani jenereta ndogo inayozungushwa na injini. Kwa safari za usiku mmoja, deli zuri lenye barafu halina waya wala fyuzi, nami ningeanza nalo.

Betri ya pili iwe tofauti kabisa na ya kuwashia gari. Ziunganishwe kupitia rilei, swichi ya umeme inayokutanisha betri hizo injini inapochaji na kuzitenganisha inapozimwa, ili muziki wa watoto usikuache asubuhi na gari lisilowaka. Ukiweka betri ya lithiamu, rilei pekee haitoshi. Nunua chaja maalumu inayokaa kati ya oltaneta na betri. Waya wa kutoka mbele hadi nyuma usipungue milimita 16 za mraba, uwe na fyuzi karibu na kila betri, na upite ndani ya bomba pale unapovuka bati. Wapo mafundi wanaoweka fyuzi moja tu kule nyuma penye swichi. Fyuzi hiyo hailindi chochote ikiwa waya utachubuka njiani.

Mama wa Mbezi

Mafundi wamezungumza, nami nizungumzie kulala. Kaka yangu, huku kwetu baridi si tatizo, tatizo ni joto. Watu huiga picha za Ulaya na kujaza kuta pamba za kuzuia baridi, kisha unyevu unakaa nyuma yake na bati linaoza. Bandika kizuia joto kisichonyonya maji kwenye paa tu, na fedha iliyobaki iende kwenye hewa: madirisha mawili yanayofunguka pande tofauti, nyavu za mbu zilizokatwa kwa kipimo cha kila dirisha, na feni. Lushoto mtahitaji mablanketi, na mablanketi mnayo nyumbani.

Msiwashe injini usiku ili mpate kiyoyozi. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata kama mnaona makaa yamekufa, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu na mtu haamki tena. Mtungi wa gesi wa kilo 6 nao ukae nje wakati wa kupika. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja ndani hulala sakafuni pale pale penye magodoro. Mlango wa nyuma wa Hiace unafunguka kwenda juu na unatoa kivuli kizuri cha kupikia. Sinki sioni kazi yake. Dumu la lita 20 lenye bomba na beseni vinatosha, na mkimaliza mnabaki na nafasi.

Jambo ambalo wanaume hulisahau ni choo. Ndoo yenye mfuniko unaobana, mifuko imara na pazia la kuzunguka kona moja vitamsaidia mkeo na mtoto wa chekechea saa nane za usiku. Na mahali pa kulala pawe penye mlinzi: maeneo ya kambi ya ufukweni kule Kigamboni, au ua wa nyumba ya wageni baada ya kuomba ruhusa na kulipa kidogo. Mikumi msitegemee kuegesha kando ya barabara kuu, ambayo inakatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50. Humo mnalala kwenye kambi za TANAPA, kwa malipo na kwa kufuata saa za lango.

Karani Mstaafu

Kadi ya gari inataja aina ya bodi, idadi ya siti, matumizi, uzito wa gari tupu na uzito wa juu unaoruhusiwa. Ukiongeza siti na madirisha, maelezo hayo hayatalingana tena na gari lenyewe, kwa hiyo peleka taarifa TRA, gari likaguliwe na kadi irekebishwe. Ikiwa gari lina namba nyeupe za biashara, libadilishwe liwe la binafsi na lipate namba za njano. Mjulishe pia mtu wa bima kwa maandishi, kwa kuwa bima iliyokatwa kwa gari la mizigo inaweza kukataliwa siku ya ajali yenye abiria. Uliza vilevile kama kadi hiyo haijawekwa dhamana ya mkopo mahali fulani.

Mkazi wa Kimara (mleta uzi)

Nimewaelewa na ninawashukuru sana. Tutafunga siti tatu zenye mikanda kwanza, fundi wa Keko tutampa masanduku ya kitanda na droo ya jiko la nyuma, na sinki limefutwa. Swali langu la mwisho ni hili: nyuma gari ni bati tupu, halina vioo. Je, kukata madirisha hakutadhoofisha bodi?

Fundi Bodi wa Tabata

Hakutadhoofisha endapo fundi atakata katikati ya mbavu na asiguse nguzo yoyote. Ukiwa ndani utaziona mbavu zilivyogawa ukuta; kioo kikae ndani ya fremu moja tu, na kiwe cha kuteleza. Kingo zilizokatwa zipigwe msasa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, zikauke kabisa, ndipo raba iwekwe. Kabla hujalipa salio, kaa ndani na mtu mwingine amwage maji kwa bomba kwenye vioo, uone kama panavuja.