Tumbo linaunguruma hata nikiwa nimekula, naomba ushauri

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Niko Ujiji, Kigoma, nashona nguo barazani na mafundi wenzangu wawili. Kila ikifika saa nne asubuhi tumbo linaunguruma mpaka mteja ninayempima kiuno anacheka. Jana mmoja kaniuliza kama nimemeza cherehani.

Najua njaa ina sauti yake: tumbo likikaa tupu, misuli yake na ya utumbo hujikunja kila baada ya dakika 90 hadi 120 kufagia mabaki, na hewa na majimaji yakisukumwa ndiyo huo mlio. Hilo sina ugomvi nalo. Kinachonichanganya, mimi saa mbili nimeshakunywa chai ya maziwa na mihogo, na saa nne linalia, tena na gesi juu. Nilipokunywa chai ya rangi lilitulia kidogo, ila ni siku mbili tu. Maji nimejaribu, naona yanaongeza mlio. Siharishi wala sijapungua.

Je, yawezekana maziwa yananikataa ukubwani, wakati utotoni nilikunywa bila shida? Na niyaache siku ngapi ndipo nijue, kabla ya kwenda kupima?