Faiba na MiFi kwenye kompyuta moja: nipangeje?

mkazi_kireka
Wadau, kompyuta ni ya mezani, Windows 11. Faiba inaingia kwa waya, MiFi (kiruta kidogo cha laini ya simu) ya 4G imechomekwa kwa USB. Nataka faiba itangulie, MiFi ishike ikikatika. Nikiwasha zote mbili kurasa zinakwama, hata faiba ikiwa nzima. Halafu, kasi zake zitajumlishwa?

fundi_mbarara
Ssebo, anza na anwani. Fungua cmd, andika `ipconfig`, soma Default Gateway (anwani ya ruta) ya kila moja. Zikiwa zote 192.168.1.1, ugomvi ndio huo: kompyuta inaona mitandao miwili yenye anwani zilezile. Ingia kwenye mipangilio ya MiFi, ipe 192.168.8.1, izime na kuiwasha.

Kisha Windows+R, `ncpa.cpl`. Bofya kulia kadi ya mtandao ya faiba: Properties, IPv4, Properties, Advanced. Ondoa tiki ya Automatic metric, andika 10. Ya MiFi, 50. Namba ndogo hutangulia. Hakiki kwa `route print`: utaona mistari miwili ya 0.0.0.0 (njia za kwenda intaneti), wa faiba uwe na Metric ndogo.

DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kote. DNS ya kampuni moja mara nyingi haimjibu anayekuja kupitia laini ya kampuni nyingine.

nyaya_gulu
Sawa kabisa, ila metriki haipimi intaneti. Windows inatazama tu kama waya kati yake na ruta ni hai. Wachimba mitaro wakikata faiba huko barabarani, ruta yako inaendelea kuwaka, taa ya LAN inapepesa, na kompyuta inazidi kutuma data kwenye shimo. Itabidi uchomoe waya, au u-Disable kadi. Umeme ukizima ruta yenyewe, hapo itahamia MiFi bila kuguswa.

Ukitaka ihame yenyewe, tafuta ruta ya WAN mbili (inayopokea laini mbili za intaneti), mfano TP-Link ER605, na uiagize ipime anwani ya nje. Kwenye ruta za MikroTik watu hudanganywa na `check-gateway=ping`: inapima mlango wa kwanza tu, nao unaweza kujibu wakati huko mbele kumekufa. MiFi nyingi hazina tundu la LAN (la waya wa mtandao), kwa hiyo WAN ya pili itahitaji ruta ya 4G yenye tundu hilo.

Kasi hazijumlishwi. Faili moja hupita laini moja. Ukigawanya mzigo kwenye laini mbili, tovuti za benki zinaweza kukutoa, kwa sababu zinakuona unatoka anwani mbili.

mkazi_kireka
Kweli, zote zilikuwa 192.168.1.1! Nimebadilisha, kurasa zinafunguka. Asanteni.

fundi_mbarara
Bado moja: Settings, Network & internet, Ethernet, chagua MiFi, washa Metered connection (laini ya kubania data). Usipofanya hivyo, faiba ikikatika usiku Windows Update inaweza kulamba bando lote kabla hujaamka.