Nani akuzuie kupanda ndege: nchi unayokwenda au mfanyakazi wa kaunta?

Mleta mada

Wadau, tulijadili hili bila jazba. Abiria ana pasipoti, tiketi kailipia, kafika uwanjani mapema. Anayemwambia "huendi" mara nyingi si afisa uhamiaji wa nchi anakoelekea. Ni mfanyakazi wa shirika la ndege, au wa kampuni iliyokodiwa kuhudumia kaunta, anayesoma masharti ya nchi za watu kwenye skrini huku foleni imejaa nyuma. Msimamo wangu: uamuzi huo si wake. Nchi inayomkataa mtu imkatae yenyewe, kwa maandishi.

Mkataba wa Chicago wa 1944, Ibara ya 13, unamtaka abiria atii sheria za kuingia za nchi anayofika. Hapo sina ubishi. Ila baadaye nchi zikaona kumbana msafirishaji ni rahisi kuliko kumbana abiria. Uingereza ilitunga sheria ya dhima ya wasafirishaji mwaka 1987, na faini imefika pauni 2,000 kwa kila abiria asiye na hati sahihi. Umoja wa Ulaya ukatoa Agizo la 2001/51, ambalo nchi nyingi huko hulitekeleza kwa faini za kati ya euro 3,000 na 5,000 kwa kichwa. Bado shirika linawajibika kumrudisha mtu alikotoka.

Sasa kaa kwenye kiti cha yule wa kaunta. Akikuzuia kimakosa, safari iliyoharibika ni yako. Akikupitisha kimakosa, mwajiri wake anatozwa. Penye shaka ataamua vipi?

Nawasilisha.

Niliwahi kukaa kaunta

Mkuu, unatuonea. Hakuna anayebahatisha pale. Kuna Timatic, hifadhidata ya IATA (chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege) ambayo mashirika huitumia: unaingiza uraia, aina ya hati, nchi anazopitia na anakoishia, inakupa masharti. Tatizo ni masharti yenyewe. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na miezi sita mbele. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zinataka miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka huko, tena iwe imetolewa ndani ya miaka 10. Cheti cha homa ya manjano kinaanza kutambulika siku ya kumi baada ya chanjo, lakini mtu anachanjwa juzi na kuja leo kubishana. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, na wapo wanaoambiwa na jirani kwamba kimekwisha muda.

Halafu kuna hili la kuunganisha ndege. Watu wanadhani kama hutoki nje ya uwanja huhitaji chochote. Si hivyo. Umoja wa Ulaya una orodha ya nchi ambazo raia wake wanatakiwa viza hata ya kupita tu uwanjani: Nigeria, Ghana, Ethiopia, Eritrea, Somalia, Kongo ya Kinshasa na nyingine kadhaa. Mtu kanunua tiketi ya bei poa mtandaoni, inapita viwanja viwili, hakuna aliyemwambia. Nikimwacha apande atakwenda kukaa kwenye chumba cha uhamiaji, atarudishwa, na kila atakapoomba viza ataulizwa kama amewahi kukataliwa mpakani. Kumzuia mapema ni kumwokoa.

Mtu wa sheria

Hiyo ya "kumwokoa" inategemea kama umeyasoma masharti sawasawa. Hayo mawili ya Schengen uliyoyataja ni masharti yanayojitegemea: tarehe ya kutolewa unaiangalia siku ya kuingia, tarehe ya mwisho unaihesabu kutoka siku ya kuondoka. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, baadhi ya mashirika yaliyaunganisha yakawa sharti moja ambalo halipo kwenye sheria, na abiria Waingereza wenye pasipoti halali wakabaki uwanjani.

Na kwa wanaodhani neno la kaunta ndilo la mwisho, kuna hukumu ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ya Aprili 2020 dhidi ya Blue Air. Abiria mwenye kibali cha kuishi Kupro alitaka kuruka kutoka Larnaca kwenda Bucharest mwaka 2015. Alizuiwa kwa maelezo kwamba hana viza ya Romania. Kanuni ya 261/2004 ya Umoja huo, inayompa fidia abiria aliyezuiwa kupanda, inaliondolea shirika fidia hiyo pale anapozuiwa kwa sababu za msingi, hati pungufu ikiwemo. Mahakama ikasema kudai tu kwamba hati ni pungufu hakutoshi, ni jaji atakayepima kama sababu ilikuwa ya msingi. Ikaongeza kwamba shirika haliwezi kujificha nyuma ya kifungu cha masharti yake ya tiketi ili likwepe fidia. Lakini angalieni tarehe: safari 2015, hukumu 2020.

Mpita njia

Na mkimbizi je? Ibara ya 31 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 inakataza nchi kumwadhibu mkimbizi aliyetoka moja kwa moja kwenye hatari na kuingia bila hati, mradi ajisalimishe kwa mamlaka bila kuchelewa. Kinga nzuri sana, ila inamsubiri upande wa pili wa bahari. Kaunta ya upande huu haijawahi kusomeshwa kusikiliza maombi ya hifadhi, na faini inaiambia isijaribu.

Mtu wa angani

Nyote mnaongea kama abiria ni malaika. Nimefanya kazi ndani ya ndege. IATA ilihesabu tukio moja la fujo kwa kila safari 568 mwaka 2022. Marekani peke yake ilipokea karibu taarifa 6,000 mwaka 2021, nyingi zikiwa ugomvi wa barakoa. Pombe aliyoibeba mwenyewe, kuvuta sigara chooni, kukataa kufunga mkanda, kumshika mhudumu. Mkataba wa Tokyo wa 1963 unampa rubani mkuu uwezo wa kumfunga mtu pingu, kumshusha njiani, kumkabidhi kwa polisi. Lakini chini ya mkataba huo mwenye mamlaka ya kwanza ya kushtaki ni nchi iliyoisajili ndege. Ikitua kwingine, polisi wa hapo wanakuambia hawana kesi, na jamaa anachukua begi lake anaondoka. Itifaki ya Montreal ya 2014, iliyoanza kutumika Januari 2020, inaipa mamlaka na nchi ndege inapotua, ila inazifunga tu nchi zilizojiunga.

Kwa hiyo mimi nataka mashirika yawe na nguvu zaidi. Mtu akifanya fujo kwa mmoja, wote wamkatae. India wameanza tangu 2017 kuwafungia watu wasiruke: matusi hadi miezi mitatu, kupiga hadi sita, kuhatarisha maisha miaka miwili au zaidi bila kikomo.

Mleta mada

Mtu wa angani, kwa hali ya huko juu tunakubaliana. Ndege ikiwa hewani hakuna wa kumuuliza, kwa hiyo rubani aamue, na Mkataba wa Tokyo unamkinga asishtakiwe kwa hatua za busara alizochukua. Sina neno.

Lakini umetaja India, na hukumalizia. Utaratibu huo una kamati inayoongozwa na jaji mstaafu, mwakilishi wa abiria yumo, inatakiwa kuamua ndani ya siku 30, na ukishindwa unakata rufaa. Pimeni wenyewe. Aliyempiga mhudumu anasikilizwa na jaji. Mwenye viza halali aliyesomewa sharti vibaya anaambiwa "sogea pembeni, anayefuata".

Na msiniambie haiwezekani kuiuliza nchi husika. Australia, Kanada na Marekani zinapokea taarifa za abiria kabla hajapanda na kujibu kama apande au asipande. Uingereza nayo imeleta kibali chake cha kielektroniki, kwa hiyo raia wa nchi nyingi ambao hawakuhitaji viza sasa wanatakiwa kuomba ruhusa kabla ya safari. Serikali imeshajua jina, pasipoti na ndege. Kama inaweza kusema ndiyo, iseme na hapana, itaje na kifungu.

Niliwahi kukaa kaunta

Jibu la "apande" si ruhusa ya kuingia, mkuu. Afisa wa mpakani bado anaweza kumkataa. Tena kompyuta ya nchi nyingine haioni kwamba picha kwenye pasipoti si ya huyu aliyesimama mbele yangu.

Mleta mada

Hilo la sura na pasipoti ni lako, sikunyang'anyi. Nalotaka uachane nalo ni kutafsiri sheria ya uhamiaji ya nchi ambayo haikulipi mshahara. Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago kinasema shirika lisitozwe kama linaweza kuonyesha lilichukua tahadhari zinazotakiwa. Basi kuiuliza nchi na kupata jibu ihesabiwe kuwa ndiyo tahadhari yenyewe, faini iishie hapo.

Niliwahi kukaa kaunta

Na mfumo wao ukizima saa nane usiku, mlango unafungwa baada ya dakika ishirini, nimpigie nani?

Mtu wa sheria

Swali hilo ndilo la kupeleka kwa wanaotoza. Nchi yenye faini iweke na afisa wa zamu anayejibu simu saa 24. Akikosekana, abiria apande na faini isitozwe.

Mtu wa angani

Na nikimfikisha wakamkataa, nani analipa kiti cha kumrudisha? Maana hapo ndipo mashirika yatakapogoma.