Viti vya kulia: Chippendale, Hepplewhite au Sheraton?

Mgeni_Leicester: Wakuu, salaam. Keshokutwa kuna mnada huku nilipo, nimezipenda seti tatu za viti sita sita. Zote nakala za karne ya 19 za mitindo ya Chippendale, Hepplewhite na Sheraton, wale mabingwa wa samani wa Uingereza wa karne ya 18; bei zinakaribiana. Chumba chenyewe finyu, na nina watoto wawili wa kubembea na viti. Nichukue ipi?

Randa_na_Patasi: Chippendale, usiumize kichwa. Tangu atoe kitabu chake cha michoro 1754, maseremala hawajaacha kumwiga. Mahogani nzito, egemeo lenye ubao wa katikati uliotobolewa nakshi. Ila kwa ufinyu huo, kimbia ile miguu ya kupinda yenye kucha zilizoshika tufe. Tafuta ya mraba iliyonyooka.

Bibi_Mapazia: Mwanangu, ukijaza Chippendale humo mtapita kwa ubavu. Mimi Hepplewhite: egemeo la umbo la ngao, miguu inayochongoka kwenda chini. Maskini, kitabu chake hata hakukiona. Alifariki 1786, mjane wake Alice akakitoa 1788.

Randa_na_Patasi: Shikamoo Bibi. Uzuri sibishi. Lakini ile ngao haigusi kikalio, imebebwa na vijiti viwili vilivyopinda huko nyuma. Mbao ikichongwa ipinde, nyuzi zake hukatika njiani. Mtoto akikiinua kiti kwa miguu ya nyuma, panavunjika hapo hapo. Nimeshaletewa vingi.

Mpita_Njia: Na Sheraton mmemtupa wapi? Michoro yake ilianza kutoka 1791. Egemeo la mraba, nguzo za nyuma zinashuka moja kwa moja mpaka sakafuni. Wepesi ule ule, bila huo ugonjwa wa ngao.

Bibi_Mapazia: Marahaba. Haya, Sheraton nakubali, ingawa ile miguu ya mifereji mtafuta vumbi mpaka mchoke.

Mgeni_Leicester: Nimetoka kukagua. Sheraton ni vizuri, ila viwili vinacheza.

Randa_na_Patasi: Ulivipindua? Kama ni gundi ya zamani ya kuchemsha ngozi imekauka, hilo dogo: inalainishwa kwa maji moto, unaachanisha, unaunga upya. Shida ni misumari. Aliyepigilia msumari kwenye ungio amepasua ulimi wa mbao unaoingia kwenye tundu.

Mgeni_Leicester: Kimoja kina misumari miwili.

Bibi_Mapazia: Basi taja bei ya vitano.