Mrejesho: Lengo moja mlangoni mwa ghala

Ndugu zangu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza nifanyeje na timu yangu ya watu tisa kwenye ghala la kahawa hapa Mbale. Walikuwa wamechoka nami: Jumatatu nadai magunia mengi, Alhamisi nadai ubora.

Nimefuata ushauri wenu wa kushika lengo moja hadi msimu uishe. Hakuna gunia la kilo 60 kushonwa kabla kahawa haijapimwa unyevu, na usizidi asilimia 12. Nililiandika kwa chaki mlangoni, pale kipimo kinapokaa.

Wiki ya pili nikajaribiwa. Lori linasubiri, bosi anapiga simu kutoka Kampala, mvua ya Mlima Elgon imelowesha mzigo. Nilishafungua mdomo niseme "shoneni tu". Mama mmoja anayechambua punje akanyoosha kidole mlangoni, kimya. Tukaanika tena siku mbili. Bosi aliwaka, lawama nilizibeba mwenyewe.

Sasa watu wa timu wananiuliza maswali, jambo lililokuwa limekufa kabisa. Idadi ya magunia bado inasuasua, hilo nitalileta siku nyingine. Asanteni, hasa aliyeniambia nianze kwa kuwaomba radhi.