Tupeane uzoefu: biashara ya kufyatua tofali za saruji (Dar na Pwani)

KifyatulioMkono: Wakuu, kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu: "Tofali imara inchi 6, mfuko mmoja unatoa 45, njoo ujifunze." Wenye viwanja vya tofali njooni tuambiane ukweli kabla vijana hawajamaliza mitaji. Mfuko unatoa ngapi, na hela inapotelea wapi?

Toroli Saba: 45? Shika kikokotoo. Inchi 6 ni sentimita 45 kwa 22.5 kwa 15, yaani lita 15 na ushee. Zidisha mara 45, ni kama lita 680 zilizoshindiliwa. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Hapo ni saruji moja kwa mchanga karibu ishirini. Hiyo si tofali, ni mchanga ulioshikana kwa aibu. Toroli 7 za mchanga za lita 65, zilizosawazishwa kwa ubao na si za mlima, kwa mfuko mmoja wa saruji zinatoa kama 25 za inchi 6 au 30 za inchi 5.

Ngosha Bloku: Acha kutisha watu mkuu. Mtaani 35 ni kawaida, na ukiwa na mashine ya mtetemo unaenda zaidi.

Toroli Saba: Mashine ikishindilia zaidi, tofali moja inakula mchanganyiko mwingi zaidi. Idadi inashuka, haipandi.

Ngosha Bloku: Inashuka kwa resho ileile (uwiano wa saruji na mchanga), sawa. Ila tofali iliyoshindiliwa vizuri inavumilia saruji kidogo kuliko ya kugonga kwa mkono. Na ya uzio haina kazi sawa na ya ukuta unaobeba ghorofa. Muulize mteja anajenga nini.

Mama Mchanga: Mnagombana na mfuko, mchanga je? Jaza chupa nusu mchanga, weka maji na chumvi kijiko, tikisa, acha itulie saa kadhaa. Utando wa tope juu ukizidi kama sehemu moja ya kumi ya mchanga, rudisha gari. Tope linazuia saruji kushika. Wa baharini usiguse: chumvi inatoka ukutani kama unga mweupe, rangi inabanduka, lawama zinakurudia wewe. Na mchanga wenye unyevu unavimba, toroli ileile ina mchanga pungufu kuliko wa mkavu.

mpitanjia: Hapo kwenye chumvi umegusa kidonda cha nyumba nyingi.

Kibarua wa Goba: Ngojeni niwape ya tofali 1,200 zilizorudishwa na Fuso, maana makosa yote yalikutana siku moja. Vijana wawili, wanalipwa kwa idadi. Saa moja asubuhi wamechanganya mifuko 4 kwa mpigo ili wasirudie kazi. Kufika saa nne mchanganyiko umeanza kukauka, wakaongeza maji na kuugeuza upya. Saruji ikishaanza kushika, maji hayaifufui. Changanya mfuko mmoja, umalize ndani ya saa moja. Kisha zikaanikwa juani bila nailoni, zikamwagiliwa mara moja jioni, basi. Mteja ana haraka, siku ya nne zikapakiwa, zikapangwa hadi juu ya bodi. Barabara ya vumbi, matuta. Zile za chini zilifika zikiwa mchanga, za kati hazina kona. Fundi wa mteja akainua moja mpaka kiunoni, akaiachia. Vipande vinne. Gari zima likageuzwa.

KifyatulioMkono: Duh. Nauli ya kurudi alilipa nani?

Kibarua wa Goba: Mwenye kiwanja. Kwenda na kurudi. Na mteja akadai malipo yake ya awali palepale.

mpitanjia: Na vijana wakadai ya kufyatua 😂

Ngosha Bloku: Siku ya saba zinatoka kiwanjani bila shida ukitumia saruji ya daraja la nguvu 42.5 badala ya 32.5. Soma mfuko.

Toroli Saba: Kama zimemwagiliwa asubuhi na jioni siku zote saba na kufunikwa. Usipomwagilia, hata 42.5 ni vumbi. Mimi nasema siku 14.

Dada wa Mahesabu: Hizo 14 ndizo zinaua mtaji, na tangazo halizitaji. Ukifyatua 500 kwa siku, siku 14 una tofali 7,000 zimelala. Kwa 25 kwa mfuko ni mifuko 280, tani 14 za saruji, na hujauza hata moja. Ongeza mchanga, maji, vibarua. Ukikopesha fundi kwa ahadi ya "bosi akilipa", umekwisha. Nusu kabla ya kufyatua, iliyobaki kabla gari halijawashwa.

Mama Mchanga: Ukimnyima fundi mkopo mnyime, ila asante yake usiisahau, la sivyo tofali zako zote ataziona zina nyufa.

Toroli Saba: Rushwa hiyo.

Mama Mchanga: Ni soda, kaka.

kijana_mpya: Maji nijue yametosha vipi kabla ya kujaza kifyatulio?

Kibarua wa Goba: Geuza kavu mara tatu mpaka rangi iwe moja, ndipo unyunyize maji kwa keni, usimwage kwa ndoo. Kisha finya konzi. Ikikaa umbo na kiganja kikabaki bila maji, gonga. Ikimeguka, ongeza. Ikichuruzika, tofali itatanuka tumbo ukivua kifyatulio.

kijana_mpya: Asante. Na saruji ya ziada naiweka wapi?

Dada wa Mahesabu: Juu ya mbao, mbali na ukuta, na usinunue ya ziada.