Spika ndogo ya bluetooth ya nyumbani, yatosha ama nitafute wufa?

kibarazani_tu:
Assalaam aleikum wadau, naomba ushauri. Wufa yetu imekufa, ilianza kunguruma mpaka mamangu akaichomoa mwenyewe, sasa nimeziona hizi spika ndogo za bluetooth zimepangwa Mwembe Tayari hapa Mombasa, elfu moja na kitu. Nyumba yetu ni Mji wa Kale, zile kuta za mawe za zamani. Mamangu ataka kusikiza kaswida na redio jikoni akipika, mie nataka ya sebuleni, wadogo zangu nao wataka waunge na TV watizame mpira. Moja itafanya zote ama ntatupa pesa?

bi_wa_likoni:
Wa aleikum salaam. Ya jikoni nunua mwanangu usifikiri sana. Mie yangu huu mwaka wa pili, naiweka dirishani nakaanga mahamri huku yalia, stima ikipotea haina habari. Nimetia memori kadi manake mtoto akichukua simu kwenda kucheza gemu chumbani sauti yaanza kukatika katika. Ila yule mwanamke wa ndani ya spika! Siku moja wakati wa daku niliwasha saa tisa za usiku nisikize taratibu, akapiga ukelele kwa Kizungu eti iko tayari kuunganishwa, nyumba nzima ikaamka, hata jirani asubuhi akaniuliza kulikoni. Hakuna kidude cha kumnyamazisha, siku hizi namfunika kwa leso kwanza ndio nawasha.

fundi_majengo:
Mie ndio kazi yangu hizi. Usidanganywe na wati za kwenye boksi. Juzi nimeletewa moja imeandikwa wati 20, nafungua ndani betri moja tu ya 1200 mAh. Hizo 1200 mAh ni ampea-saa 1.2, zipige mara volti 3.7 za betri wapata kama wati-saa 4 na nusu, ingekuwa yatoa wati 20 kikweli ingezima hata robo saa haijafika, na mwenyewe asema yamlilia masaa matatu. Kwa hivyo ni wati moja unusu hivi. Kwa chumba kimoja yatosha, ukipandisha mpaka mwisho ndio yakwaruza. Besi usitegemee, ila ukiiweka kwenye kona ya ukuta itanenepa kidogo.
Na kwa kuta zenu hizo simu na spika ziwe chumba kimoja. Ile mita 10 wanayosema ni mahali wazi, mawimbi yenyewe ni ya 2.4 gigahezi kama waifai, ukuta mnene wayameza, hata wewe ukisimama katikati wayazuia.
Redio ya mama chomeka waya wa chaji hata kama imejaa, nyingi zatumia huo waya kama eriali. Kingine ni chumvi ya bahari, tundu la chaji laota ukijani halafu mtu aniambia betri imekufa kumbe ni kutu. Chagua yenye betri ya duara ile ya 18650, ikichoka nakubadilishia.

teke_la_kisauni:
TV usiunge kwa bluetooth bro, sauti yachelewa. Mpira ushatoka mguuni ndio wasikia teke. Tafuta waya wa aux kama TV yenu ina tundu la hedifoni, ikiwa haina basi wacha tu.

mkaa_orofani:
Hakuna aliyesema hizi nyingi hazina nambari ya siri. Wife alikuwa na wageni, simu yake ikatoka kidogo kwenye spika, kijana wa nyumba ya pili akaingia na mangoma yake, wale kina mama walivyotizamana sitasahau. Mwenyewe kule hata hakujua, yuwashangaa simu yake mbona haitoi sauti 😂

kibarazani_tu:
Shukran sana. Basi ndogo ya mama yenye kadi na redio, wufa naipeleka kwa fundi kwanza, na hao wa mpira wajitafutie waya. Mamangu nimemsomea yote haya, wati wala gigahezi hana shughuli nazo, ameuliza tu huyo mwanamke wa ndani ya spika kama aweza kufundishwa kupiga hodi.